Alichorudi Nacho Ochoki Kutoka Kwenye Barafu

Waombolezaji wapendwa, mimi ni Omwenga, mdogo wake marehemu, na haya ninayoyasoma, Drusilla, mjane wake, amenikataza kupunguza hata neno.

Jasper Ochoki Anyona alizaliwa hapa Tabaka tarehe 14 Machi 1971, akasoma papa hapa hadi darasa la nane mwaka 1987, kisha akashika panga na kisu cha kuchongea mawe, wala hakuviachilia tena. Tarehe 7 Aprili 1996 alimwoa Drusilla kutoka Ogembo, wakajaliwa Mose na Purity.

Julai 2018 wachongaji wa Greenland walimwalika, naye akakuta kijiji chini ya mlima wa barafu, jua halitui, barafu inapasuka kwa mshindo kama mwamba machimboni, na watu wanachonga jiwe laini kama letu. Walimwandalia nyama ya sili, mnyama wa baharini, naye kwa kuwa ni Msabato akaeleza kwamba hali mnyama huyo, wakampikia samaki bila kununa. Lakini alipoanza kukwaruza jiwe, bibi mwenye nyumba aliukamata mkono wake, akamfunga kitambaa puani, akalimwagia jiwe maji, maana vumbi hilo ndilo lililomwua mumewe.

Tembea uone, na Ochoki aliona. Alirudi na neno moja tu, lowesheni mawe, fungeni pua, na Tabaka nzima ikamcheka, mkamwita Bwana Barafu, mkasema amevuka bahari kujifunza uoga, na mliosema mko hapa mbele, mnajijua. Yeye mapafu yalikuwa yameshajaa vumbi. Aliugua tangu 2022, akafariki tarehe 3 Juni 2025 hospitalini mjini Kisii.

Drusilla ana hasira, wala hafichi. Jana, katika boma lake, mlimchongea marehemu jiwe la kaburi, kavu, pua wazi, hadi migomba ikawa myeupe, na Mose katikati yenu akikohoa kikohozi cha babake. Heshima gani hiyo? Jiwe hilo halitasimama kaburini jinsi lilivyo. Liko karibu na tangi, na ndoo ya maji, na vitambaa alivyokata Drusilla mwenyewe kutoka kwa mashati ya marehemu, na atakayelichonga upya atafunga pua kwanza, akianza Mose.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, na wachongaji wenzake, hata waliocheka, kwa kuwa ndio waliombeba hadi barabarani alipozidiwa.

Lala salama, Ochoki, pasipo vumbi.