Mwendesha Mitambo Aliyezaliwa Chini ya Bwawa

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 katika bonde ambalo leo limefunikwa na ziwa hili lililo mbele yenu. Alikuwa kitinda mimba wa baba yetu mfuga nyuki na mama yetu mfinyanzi. Mtu wa zamani akiulizwa alikozaliwa, alionyesha kwa kidole. Mdogo wangu alionyesha maji, na wageni wakadhani anawatania.

Alisoma shule ya bondeni hadi darasa la saba. Mimi kaka yake niliishia la nne, mengine nikajisomea kwenye magazeti ya kufungia sukari. Mwaka 1969 ukuta wa bwawa ulikamilika, tukahamishiwa makazi mapya huku juu, makaburi ya wazazi wetu yakabaki bondeni. Nilitazamia auchukie ukuta ule kama nilivyouchukia mimi. Badala yake akaenda chuo cha ufundi, na tarehe 2 Julai 1973 akaajiriwa kwenye kituo cha umeme kilicho chini ya ukuta huohuo. Sikumwelewa wakati ule, na leo nisiwadanganye.

Aliendesha mitambo hadi alipostaafu mwaka 2011. Bwawa lilijengwa kwa ajili ya mashamba. Umeme ulidandia safari. Wakulima walipohitaji maji, yalipita kwenye mitambo, yakaizungusha, ndipo yakaingia mferejini. Wakati wa mavuno mfereji ulifungwa, mitambo ikalala, naye akabaki kuipaka grisi.

Nilimwuliza, "Wewe unafua umeme au unamwagilia mpunga?"

"Kaka, mimi nafungua njia tu."

"Na maji yaliyomfunika mama ndiyo unayoyachezea?"

"Siyachezei. Nayapunguza."

Nilidhani ni jeuri.

Mwaka 1978 alimwoa mkulima aliyefika na wenzake kwenye lango la kituo kudai maji yaliyochelewa. "Fungua, baba, miche inakauka," akamwambia. "Sina amri," akajibu marehemu. "Na mke?" "Sina pia." Wakulima wakacheka, kiu ya mashamba ikasahaulika kidogo. Marehemu alisimulia kisa hicho katika kila harusi, hata ambako hakualikwa. Walijaliwa watoto watatu. Siku hizi watu huposana kwa simu, kisha tunashangaa wakiachana kwa simu.

Kelele za mitambo zilimmaliza masikio, kisha mwaka 2022 moyo ukaanza kumsumbua. Alitibiwa hospitali ya wilaya, akarudi nyumbani, akafariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Kwa desturi yetu mtoto hulazwa miguuni pa mama yake. Kwa kuwa mama yuko majini, niliagiza kaburi lichimbwe makazi mapya. Mjane akanizuia. "Shemeji, mwenyewe ameshachagua," akasema, akanileta hapa, ukingo ambao sikuwahi kuukanyaga tangu tuhamishwe. Kumbe kiangazi, mashamba yakinywa sana, ziwa hushuka na makaburi ya wazazi wetu hutokea kwenye tope. Kila mwaka mdogo wangu alikuja kuyapanga upya mawe yake. Ndiyo yale pale. Na huku juu kidogo ya alama ya maji yakijaa, kuelekea miguuni pa mama, alichomeka vyuma, kimoja kichwani na kimoja miguuni, kuonyesha mahali pake.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Hawakuishi kando ya bwawa. Aliyekula mshahara wa ukuta ndiye aliyemtunza mama. Aliyeulaani hakuja hata kung'oa jani. Nimeligeuza jambo hili siku tatu, halina mbele wala nyuma. Natamani nigombane naye, lakini ameninyima nafasi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na kaka mmoja.

Vyuma ni jozi mbili. Nilimwuliza mjane kama ya pili ni yake. "Mimi nina pangu kwa mama yangu, shemeji," akasema. "Hiyo alisema utaiona mwenyewe."

Mvua zikirudi, ziwa litamfikia nyayoni na kuishia hapo. Mdogo wangu, lala salama. Njia nimeshaijua.