Sista Mwajabu na Sindano za Munira

Tarehe 30 Juni 1999, Sista Mwajabu Mfaume anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika kituo chetu hapa Temeke. Alianzia wodi ya wazazi, akahamia chanjo, na mwishoni akawa anawafuata wagonjwa majumbani. Kwenye foleni yake hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Mganga mkuu alipomleta mwanawe kuchanjwa, aliambiwa akae mwisho, naye akakaa.

Tutamkumbuka zaidi kwa Munira, binti wa Bi Farida wa Buguruni. Mwaka 1997 Munira alirudi kutoka India, alikopandikizwa uboho wa mifupa kutoka kwa kaka yake Twaha kutibu saratani ya damu. Madaktari wa huko walimwanzishia sindano za kuwinda chembe za ugonjwa zilizobaki, ili saratani isirudi. Sista ndiye aliyekabidhiwa kumchoma. Dawa ilitaka ubaridi, na mgao wa umeme tunaujua. Akawa anafuata barafu kwa wauza samaki wa Kunduchi, chupa kaiviringisha kanga isije ikaganda na kuharibika. Akipita ukumbini tulimuuliza bei ya samaki changu. Hakucheka hata siku moja.

Kisha Bi Farida akasimamisha sindano. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba mwanawe akipona atasomesha maulidi, na maulidi yalishasomwa, pilau imeliwa. Kuendelea kumchoma mtoto aliyekwisha kushukuriwa, alisema, ni kuyaita maradhi. Isitoshe, kila sindano ilimwachia Munira homa. Sie wengine tulimwambia Sista aachane nao, maadamu mama mwenyewe kakataa. Akatupuuza. Alikwenda, akavua viatu, akaketi mkekani mpaka magharibi, akimweleza Bi Farida kwamba maulidi yalikuwa shukrani ya uzima, na sindano ni za kuulinda uzima huohuo. Mtu hushukuru kwa kupata nyumba, na usiku bado hufunga mlango. Kesho yake Bi Farida alimtuma Twaha kuja kuuliza barafu inapatikana wapi.

Vipimo vya mwezi uliopita havikuona saratani, ila daktari ameagiza sindano ziendelee. Kwa kujua atastaafu kabla hazijaisha, Sista alimfundisha Munira kujichoma mwenyewe pajani. Jumatatu Munira alijichoma mbele yetu bila kusaidiwa. Sista alikaa kando, mikono ameikalia isije ikamtoroka kwenda kusaidia, na machozi yakamtoka.

Ahsante, Sista. Mungu akujalie siha na mapumziko ya raha. Bi Farida anakualika Ijumaa kwa chakula cha mchana, na Munira ameomba safari hii uje mikono mitupu.