Bi. Loveday Trembath Aliyefungua Mlango wa Upasuaji

Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili 1909, Bi. Loveday Trembath, muuguzi mkuu, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu ya wachimba madini miaka ishirini na sita.

Alitoka Cornwall na mumewe. Mgodi ulipomfukia mume, akaja kutufulia mashuka. Dk. Hoyt alimkuta siku moja akimfunga mgonjwa jeraha kwa ustadi, akamhamishia wodini. Huko, mibaba ya mgodini ilimeza mafuta ya samaki bila kubisha, kwa kumwogopa tu.

Lakini hakuna anayesahau Februari ya 1891. Wakati huo kila mchimbaji alikatwa dola moja kwa mwezi, akapewa tiketi ya matibabu. Asiye nayo alilipa dola hamsini kabla ya kuguswa. Baruti ikalipuka, akaletwa Ettore Zambelli, Mwitaliano aliyeajiriwa wiki ileile. Mguu ulikuwa umesagika, damu inachuruzika. Meneja wa hospitali, Bwana Pruett, akaziba mlango wa upasuaji.

"Tiketi yake?"

"Ni mgeni, bosi, hajakatwa bado," wakasema waliombeba.

"Basi hamsini hapa, au mrudisheni."

Wakakung'uta mifuko. Dola kumi na moja. Ettore, aliyekuwa akimlilia mama yake, akaanza kunyamaza. Dk. Hoyt akatazama sakafu.

Bi. Loveday akashika machela. "Bwana Pruett, wewe kata mshahara wangu. Daktari, wewe kata mguu. Haya, nipisheni!"

"Na utakula nini, mama?" Pruett akamkejeli.

"Viazi. Toka mlangoni!"

Akatoka.

Ettore alipona, akabaki na mguu mmoja. Bi. Loveday hakuona mshahara hadi Juni, na viazi alivila kweli. Julai wachimbaji wakagoma kukatwa ile dola, mpaka bodi ikakubali: mgonjwa atibiwe kwanza, malipo baadaye.

Sasa mgodi una wenyewe wapya, na Jumatatu bodi inaketi kuamua kama kanuni hiyo ifutwe. Sista Loveday, hatukufichi: tunaogopa kufukuzwa tukiitetea. Tuna watoto, na kazi hapa milimani ni hii tu.

Asante kwa mikono yako, na kwa ukali wako pia. Nenda kwa dada yako Kalifornia, ulale hadi jua lichomoze, uishi kwa amani na afya tele. Jumatatu tutaingia kikaoni wauguzi wote tisa, bila kualikwa.