Historia ya Fundi Havuji na Injini ya Lori la Mchanga

Ndugu waombolezaji, sisi watoto wa marehemu tunawasomea historia hii kama alivyoagiza mwenyewe, kwamba usirukwe hata mstari mmoja, hasa ule unaomhusu shemeji yake, dereva, aliyebeba lawama isiyo yake kwa miaka thelathini na sita.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Havuji hata mkasahau jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mhunzi na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi baba yake alipofariki mwaka 1965, na Januari iliyofuata akapokelewa gereji ya nyuma ya soko la mbao, ambako alikwangua kwa wembe gasketi kuukuu, zile karatasi ngumu za kuziba maungio ya injini yasivuje, mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kushika spana.

Kazi aliijua, hilo halina ubishi. Gasketi ikikosekana dukani, alilaza boksi gumu juu ya chuma, akaligonga pembeni taratibu kwa nyundo ndogo mpaka likakatika kwa umbo lake, akalipaka grisi, na gari likaondoka bila kudondosha hata tone. Alifunga ndoa tarehe 10 Agosti 1974, wakajaliwa watoto wanne, na mama yetu ni shahidi kwamba mwaka 1979 kalenda ya ukutani iliishia Septemba, kwa kuwa miezi iliyobaki ilikuwa imekatwa gasketi ndani ya pampu ya maji ya jirani, naye alipoulizwa akajibu kwamba siku zitakuja tu hata zisipoandikwa, lakini maji yanavuja leo.

Tarehe 22 Juni 1983 alifunga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ya lori la mchanga lililoendeshwa na shemeji yake, kaka wa mama yetu, kazi ambayo marehemu ndiye aliyemtafutia. Gasketi haikuwepo, boksi hakulikata kwa sababu ya haraka, akapaka silikoni tupu, ile gundi ya kuzibia, nene, wala hakuiacha ikauke, yeye huyo aliyewakaripia wanafunzi wake kila siku kwamba inayotokea nje utaifuta kwa kitambaa, inayoingia ndani ndiyo inayoua. Siku ya tatu injini ikanoki, vyuma vikasagana kwa kukosa oili. Aliifungua akiwa peke yake, akakuta vipande vya silikoni vimeziba chujio la oili, akavitia mfukoni, akatoka nje na kumwambia tajiri wa lori kwamba dereva ametembea bila oili.

Lo, maneno machache tu hayo! Shemeji aliapa kwamba oili aliiweka asubuhi ile kwa mkono wake, hakuna aliyemsikiliza, akafukuzwa, hakupewa usukani tena na mtu yeyote, akawa mlinzi wa geti mpaka nguvu zikamwishia, na mama yetu, kwa aibu, akaacha kukanyaga kwake. Marehemu aliyaona yote hayo akanyamaza, na kila mwaka uliopita ulizidi kumfunga mdomo.

Februari 2019 aligundulika kuwa na maradhi ya mapafu, akalazwa mara tatu, na tarehe 29 Oktoba akaomba shemeji yake aitwe wodini, akakiri. Shemeji alisema kwamba amesamehe, ila kumwambia yeye ni kazi bure, kwani alijua siku zote, waambiwe wasiojua. Marehemu alifariki tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuchotea maji na kutupikia, na mafundi wenzake mliofunga gereji siku tatu. Mama alisomewa maneno haya jana, akalia sana, halafu akasema yasomwe yote, na kiti cha pembeni yake asikalie mtu mwingine ila kaka yake.

Mjomba, mbele ya watu wote hawa tunasema, oili ulikuwa umeweka. Tunakuomba radhi.

Baba, tumeyasoma yote. Lala sasa kwa amani.