Ufunguo wa Pili

CLIFFORD: Haloo? Haloo — nani huyo? Hii namba siijui.

OKIA: Ni mimi.

CLIFFORD: Mimi nani? Ongea kwa nguvu, niko hapa Malaba barabarani, malori yanapiga kelele.

OKIA: Okia wa Kwapa. Umesahau sauti yangu, fundi?

CLIFFORD: Aa... Okia! Ndugu yangu! Si ungesema. Hii simu ni ya nani?

OKIA: Ya Anjeline wa chai. Yangu wewe hushiki. Siku kumi napiga, inalia mpaka inachoka.

CLIFFORD: Ilianguka, buda, kioo ikapasuka, hata sioni nani —

OKIA: Shemeji Lorine hajambo?

CLIFFORD: Yuko poa. Na shemeji Acom? Na... na mkono?

OKIA: Acom yuko. Mkono ndiyo hivyo, vidole tatu wamekata. Jana nimetoka hospitali.

CLIFFORD: Pole. Pole sana, kwa kweli. Tunashukuru Mungu uko —

OKIA: Clifford, airtime ya huyu mama ni kidogo. Umesikia kesho wakubwa wa reli wananiita?

CLIFFORD: Nimesikia sikia.

OKIA: Barua inasema niliingia chini ya mashine bila kufunga swichi kubwa na kufuli, ndiyo maana iliwashwa ikashuka kwa mkono yangu. Mimi! Miaka kumi na moja natengeneza ile mashine ya kushindilia kokoto. Siku gani ulinikuta chini yake na kufuli yangu haiko kwa swichi?

CLIFFORD: Hata siku moja.

OKIA: Basi kesho saa tatu kuja useme hivyo. Hivyo tu. Wakiamua sikufunga, wananifukuza, na hakuna mtu wa reli, hapa Tororo ama huko kwenu, atanipatia tena hata spana. Watasema huyu ni ule fundi alijikata mwenyewe kwa uzembe.

CLIFFORD: Shida ni... kuna karatasi tayari.

OKIA: Karatasi gani?

CLIFFORD: Okia, mtandao unakata —

OKIA: Haikati. Nakusikia mpaka pumzi.

CLIFFORD: Tuliandikishwa wote. Mimi nikaandika sikuona kufuli. Sikuandika haikuwako! Nimesema tu sikuona.

OKIA: Uliandika lini?

CLIFFORD: Jioni ya siku ile.

OKIA: Na kesho yake ukakuja hospitali na mkate, ukashika mguu yangu, ukalia mpaka sista akakutoa nje.

CLIFFORD: Nililia kwa ukweli, Okia.

OKIA: Ukishatia sahihi.

CLIFFORD: Sikiza. Nikuambie kitu, lakini usinitaje. Ni Emuron. Ni bosi. Treni ya mizigo ilikuwa inangoja tumalize njia, akashikwa na hasira, akachukua ule mkasi mkubwa wa vyuma akakata kufuli yako. Nilimwona na haya macho.

OKIA: Emuron alikata.

CLIFFORD: Mara moja, kacha! Ikaanguka chini.

OKIA: Wewe ukaogopa.

CLIFFORD: Ni bosi! Mimi Mkenya, navuka kila asubuhi kuja kutafuta kazi kwenu, ningemwambia nini?

OKIA: Umemaliza?

CLIFFORD: Ndiyo ukweli wenyewe.

OKIA: Leo asubuhi Nasifa wa stoo ameniletea vitu yangu. Ovaroli, buti, kikombe. Na kufuli.

CLIFFORD: Kufuli gani?

OKIA: Yangu, ile nyekundu, nilichora jina na msumari. Alikuta kwa sakafu, nyuma ya swichi. Iko hapa kwa mapaja. Nzima, Clifford. Hata alama ya mkasi hakuna.

CLIFFORD: Umeangalia vizuri?

OKIA: Kufuli imekatwa na mkasi iko hivyo?

CLIFFORD: Labda... labda ni ingine —

OKIA: Imefunguliwa na funguo. Sheria yetu unajua. Kufuli moja, funguo moja, na mwenye anaingia chini anaingia nayo mfukoni. Yangu sista alitoa kwa suruali akapatia Acom. Ya pili ilikuwa na nani?

CLIFFORD: Okia, tafadhali.

OKIA: Nilipatia nani, baada ya yangu kupotea kwa matanga huko Paya, mashine ikalala siku mzima mpaka nikapata kufuli mpya na funguo zake mbili? Nikasema shika hii, ndugu yangu, wewe peke yako, mtu mwingine asijue.

CLIFFORD: Nilidhani umetoka! Nilikuona ukienda kwa Anjeline! Emuron anapiga kelele, washa, washa — nikaita jina lako. Mara mbili niliita, haki ya Mungu —

OKIA: Kreni inanguruma kando, ningesikia wapi? Nilirudi kukaza paipu ya mafuta.

CLIFFORD: Sikujua. Sikujua, Okia.

OKIA: Hiyo naamini. Mtu anakosea. Ungesema siku ile, ningekusamehe kabla hata wanidunge sindano. Lakini wewe ukakaa kwa kiti, ukachukua kalamu.

CLIFFORD: Wangenifuta papo hapo. Lorine, watoto, karo —

OKIA: Na mimi nyumbani niko na mbuzi, si watoto? Nasifa anasema sasa wewe ndiye mkubwa wa mashine.

CLIFFORD: Hiyo mimi sikuomba.

OKIA: Na hukukataa. Ulinishikia pete kanisani siku ya harusi yangu. Unakumbuka vile ilikataa kuingia, ukacheka? Daktari aliikata na msumeno ndogo. Nilikuwa nasikia, nikawa nasema, Clifford akijua hii atalia. Nimeumia, Clifford. Umeniumiza kupita mashine.

CLIFFORD: Nisamehe. Nakuomba tu kitu kimoja. Kesho usitaje ule ufunguo. Hata wewe utaanguka nao, kugawa ufunguo ni kosa, utakuwa umejimaliza mwenyewe.

OKIA: Najua. Nitaanza na hiyo. Nitasema kosa yangu ni moja, nilipatia mtu funguo.

CLIFFORD: Usifanye hivyo!

OKIA: Wewe ilete. Kuja nayo, uweke mwenyewe kwa meza mbele yao.

CLIFFORD: Sina.

OKIA: Iko wapi?

CLIFFORD: Nilitupa. Mtoni, pale daraja la Malaba.

OKIA: Siku gani?

CLIFFORD: Okia —

OKIA: Siku gani?

CLIFFORD: Siku ile ile. Nikirudi home.

OKIA: Mimi niko kwa meza ya daktari, wewe uko unatafuta mto.

CLIFFORD: Sikuwa na akili yangu, nakuapia —

OKIA: Simu inalia tii-tii, airtime inaisha. Saa tatu, umesikia? Ukikuja useme na mdomo yako, tutakaa pamoja, wakitufukuza watufukuze wawili. Usipokuja, mimi nitataja —

CLIFFORD: Okia? Haloo? Okia! (simu imekatika) Nakuja. Kesho nakuja, unasikia? Nitasema mimi mwenyewe... Haloo?