Papa Grégoire Zagabe na Sura za Avenue Yetu

Mapadri wetu, wazee, ndugu na majirani wa Nyalukemba, mimi ni Polycarpe, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kwa sauti ndogo, mtanisamehe, kila mmoja wetu hapa anajua sababu.

Papa Grégoire Zagabe alizaliwa Mumosho tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hukohuko kwenye misheni, sekondari hapa Bukavu, akapata diplome d'État mwaka 1978, akafundisha kuchora miaka mitano, na mwezi wa saba 1983 akapata bourse, msaada wa masomo, ya kwenda India, mji wa Baroda, baba yetu akiamini anakwenda kusomea udaktari, na hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli mpaka kaka aliporudi mwaka 1987 na sanduku la brashi.

Aliyojifunza huko tuliyasikia mezani hata tukayashika kama katekisimu, kwamba Waingereza walipotawala walifundisha Wahindi kuchora kwa rangi za mafuta kama watu wa Ulaya, kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita wachoraji wa Bengal walikataa, wakarudi kwenye picha ndogo za kale na rangi za maji, kwamba mwaka wa uhuru, 1947, vijana wa Bombay walisema hata huko nyuma hawatarudi, wakakamata usasa na kuufanya wao, na kwamba miaka ya themanini, pale Baroda, kulikuwa na wachoraji waliochora barabara yao wenyewe, muuza chai, mshona nguo, rafiki mgonjwa, habari nyingi ndani ya turubai moja. Kanuni aliyoileta nyumbani ni hii, mchore mtu unayemjua, mahali anapoishi, na kitu chake mkononi.

Mwaka 1988 alianza kufundisha chuo cha ualimu hapa mjini, kazi aliyoifanya hadi pumzi ya mwisho, tarehe 5 Agosti 1989 akafunga ndoa na Maman Clémence, Mungu akawapa Olive mwaka 1990, Murhula 1993 na Élodie 1998.

Kati ya 2016 na 2018 alichora turubai ya mita tatu, avenue yetu yote, mtaa wetu huu, watu thelathini na wanane, kila mtu na sura yake ya kweli mbele ya mlango wake, na mwezi wa kumi na mbili 2018 ilipotundikwa katika sale, ukumbi wa parokia, mlikuja wote, mlijitafuta, mlicheka, mkapigwa picha kila mmoja karibu na sura yake, kisha turubai ikarudi nyumbani kwake.

Tangu mambo ya mwezi wa pili mwaka huu, wenye bunduki walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anaishi wapi, kaka yangu hakulala vizuri tena, aliitazama turubai ile kama mtu anayetazama nyoka ndani ya nyumba, na siku moja akamwambia mke wake, "Clémence, batu yote ya avenue, mimi njo nimebafanyia liste, na milango yabo niliiweka." Jumatatu tarehe 23 Juni alijifungia chumbani, akaanza kufunika sura kwa rangi nyeupe, moja baada ya moja, siku tisa, moyo wake wenye tension, ugonjwa wa shinikizo la damu, ukipiga kwa nguvu, kila gari likisimama barabarani brashi inaanguka, na Jumanne tarehe 1 Julai alipomaliza alimwita Maman Clémence aone. Maman akasimama pale, akawataja wote thelathini na wanane bila kukosea, yule kwa beseni lake la samaki wadogo wa sambaza, yule kwa mguu wake, yule kwa namna anavyoinamisha bega, maana kaka alikuwa amefundishwa vizuri mno.

Kesho yake mchana tuliikatakata, tukaichoma jikoni, yeye mwenyewe akiingiza vipande motoni, baada ya hapo hakusimama tena, na Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa nne asubuhi, moyo ulisimama.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia bila umeme, walimu wenzake, wanafunzi wake, wanakwaya, nanyi majirani mliosikia ule moshi mkali na hamkuuliza, leo ninawajibu, ulikuwa ninyi.

Limebaki jambo moja, ndilo neno lake la mwisho kwangu, nami ninaogopa kulisema kama ninavyoogopa kulinyamazia: zile picha za parokia bado ziko ndani ya simu zenu, na simu zinakamatwa njiani, basi kabla hatujatoka kwenda kaburini kila mtu afute ya kwake. Mimi nimefuta yangu asubuhi hii, ndiyo pekee niliyokuwa nayo ya kaka yangu akicheka.

Papa Grégoire, pumzika sasa kwa amani, hakuna tena atakayetukuta ndani ya picha yako.