Ikikosekana, Rudi: Maneno ya Mama Chai kwa Kampuni Mama

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu. Mgeni wetu wa heshima uliyetumwa na kampuni mama, pamoja na mkalimani wako. Ndugu wakuu wa idara. Ndugu mafundi wa kuunganisha, wa rangi na wa umeme. Mzee wa Stoo. Walinzi na wenzangu wote wa getini. Baba yake mtoto, uliyekaa kule nyuma ukijifanya unasoma maandishi ya chupa ya maji. Na wewe mwanangu, unayenikodolea macho hapo mbele ukiogopa mama atakuaibisha: habari za mchana.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Kijana wa watu, hanijui.

Kwa wageni ambao hawanifahamu, mimi ndiye yule mama wa chai wa getini. Mafundi wananijua kwa birika, wakubwa wananijua kwa kupita vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Sina ugomvi, vumbi ni jingi pale. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea neno la ofisini mnisamehe, na nikilipatia mjue nimefundishwa na mwanangu huyu tunayemuaga leo.

Kwanza niseme jambo moja. Juzi mwanangu aliniambia, "Mama, kwenye sherehe atakuja mtu wa kampuni mama." Nikafurahi. Nikajiambia, afadhali, nitampata mwanamke mwenzangu, nitamvuta pembeni tuongee mambo ya watoto. Nikasuka nywele. Nimefika hapa naonyeshwa baba wa watu, mrefu, miwani, tai! Mkalimani, hilo usimtafsirie. Au mtafsirie, naona anacheka kabla hajajua nini.

Lakini nikaelezwa vizuri. Kampuni mama ndiyo iliyokizaa kiwanda hiki, na imezaa vingine vingi katika nchi nyingine, na kila kimoja kinaitwa mtoto. Basi nami, mgeni wetu, nimeamua kukuita mama mwenzangu, kwa sababu leo tunakabidhiana mtoto, na mtoto hakabidhiwi mtu asiyejulikana yeye ni nani kwake.

Ndugu zangu, wengi wenu humu mnamwita mwanangu Dada Kontena. Jina hilo mmempa kwa sababu kila asubuhi akiingia getini, kabla ya salamu, swali lake ni moja: "Kontena liko wapi?" Kwenye karatasi za ofisi anaitwa msimamizi wa ugavi. Nilipomuuliza ndiyo kazi gani hiyo, aliniambia gari moja lina maelfu ya vitu, na vitu hivyo vinatoka kwenye viwanda vilivyotapakaa dunia nzima, na kazi yake ni kuhakikisha vyote vinafika hapa kabla fundi hajanyoosha mkono kuvichukua. Nikamuuliza, "Na wewe unavitengeneza?" "Hapana." "Unavibeba?" "Hapana, mama." "Sasa unafanya nini?" Akafikiri, akasema, "Nahangaika. Nahangaika mapema, ili wengine wasihangaike baadaye."

Jamani! Mtoto analipwa mshahara kwa kuhangaika! Mimi kazi hiyo naifanya tangu siku aliyozaliwa, na sijawahi kupata hata likizo.

Nasema hivi kwa utani, lakini si utani. Huyu alizaliwa na hofu yangu mwilini, ila yeye aliipa kazi ya kufanya. Alipokuwa mdogo nilikuwa namtuma dukani, labda sabuni, labda majani ya chai. Watoto wengine ukiwatuma wanatimua mbio. Huyu anafika mlangoni, anasimama, anageuka. "Mama, na ikikosekana nilete nini?" Kila siku! Nami nina moto jikoni, mikono imejaa unga, namjibu kwa ukali, "Ikikosekana, rudi!" Ananitazama hivi, kama kwamba sijajibu swali. Anakwenda. Na mtashangaa, alikuwa harudi mikono mitupu. Pale ikikosekana, ameshaulizia duka la pili, na la tatu, na amekuja na kitu ambacho hata mimi sikukifikiria.

Sasa nani kati yenu amesahau miezi ile ya vifungio?

Kwa wageni nieleze. Kifungio ni kile kidude cha mkanda wa gari, kile unachochomekea ukasikia "tik". Unaweza kukifunika kwa kiganja. Kumbe kidude kile, kwa magari yetu yote, kilikuwa kinatoka mahali pamoja tu duniani. Kiwanda kimoja, nchi moja, ng'ambo huko. Sababu nimeambiwa ni mkakati: ukinunua vyote kwa mtu mmoja, anakupunguzia bei. Sipingi, hata mimi sukari naichukua kwa mtu mmoja. Lakini kiwanda kile kikaingia maji, mafuriko, mashine zikalala. Na huku kwetu mstari mzima wa kuunganisha magari ukasimama.

Mlikuwepo, mliona. Magari yamejaa uani, yana rangi, yana viti, yana taa, yanang'aa, na hakuna hata moja linaloruhusiwa kutoka, kwa sababu hayana mkanda. Kama maharusi waliokwisha kupambwa, wamekaa, na wa kuwachukua haji. Mafundi mkaambiwa mkae nyumbani mpaka mtakapoitwa. Mimi nikawa nakuja na birika langu asubuhi, nasubiri, narudi nalo limejaa. Mlinzi wa zamu ananywa vikombe vitatu kwa huruma tu, mpaka akaniambia, "Mama, tumbo langu sasa linacheza kama tangi."

Halafu zikaanza zile habari za pembeni. Kwamba kampuni mama imechoka. Kwamba magari yataletwa yakiwa yamekamilika kutoka kwa ndugu yetu, kiwanda kingine cha kampuni mama, na hapa patageuzwa ghala la kuyaegesha. Ghala linataka watu wangapi? Walinzi, na mtu wa funguo. Mlikuwa mnakuja pale kwangu mnaniuliza, "Mama Chai, Dada Kontena anasemaje?" Naogopa kumuuliza. Nilikuwa namsikia sebuleni anaongea na simu kwa lugha ya wale wa ng'ambo, sauti imeshuka, na mguu unagonga sakafu. Akikata namuuliza, "Wanasemaje?" "Wanasema watajitahidi." "Si vizuri?" Akanitazama, macho mekundu. "Mama, 'tutajitahidi' si tarehe. Mtu akikupa tarehe, hata iwe mbaya, unajipanga. Akikuambia tutajitahidi, unakaa unamsubiri huku nyumba inaungua."

Akavipata, hatimaye. Kwa njia gani, Mkurugenzi umeshaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi, na mambo ya kuazima vifungio kwa kiwanda ndugu sikuyaelewa yote. Ninachojua, asubuhi moja nilisikia king'ora cha zamu, na birika langu likaisha kabla jua halijapanda. Nililia pale pale getini. Dereva wa foklifti akaniuliza, "Mama, moshi?" Nikamwambia ndiyo, moshi.

Tangu hapo, wamekuwa na vibandiko vyekundu stoo. Kila boksi la kitu kinachotoka mahali pamoja tu, kisicho na pengine pa kupatikana, linabandikwa chekundu, ili kila anayelishika ajue: hiki kikipotea, hakuna kingine. Mwanangu alirudi siku moja na kimoja kimenasa kwenye mkono wa shati. Ndivyo nilivyojua habari zake.

Wiki hiyo hiyo akaja pale getini, nje ya saa yake ya chai. Akasema, "Mama, wamenichagua." "Kufanya nini?" "Kwenda kukaa huko wanakotengeneza vifungio. Kutafuta kiwanda cha pili, nikisimamie mpaka kipite ukaguzi." Nikamuuliza, "Kukaa vipi? Kukaa kitako, au kukaa kuishi?" Akasema, "Kuishi, mama. Miaka miwili." Chai niliyokuwa namimina ilikwenda yote kwenye mkono wa yule yule dereva wa foklifti. Naye badala ya kupiga kelele akasema taratibu, "Mama, mkono huu ni mali ya kampuni." Uko wapi, dereva? Umepona? Nyoosha tuuone. Haya.

Nimeuliza maswali yangu yote, na nyumbani wamechoka nami. Je, haiwezekani kuongea nao kwa simu? Je, akiugua nani atamjua? Je, kule watu wanasalimiana? Baba yake aliniambia, "Mama nanii, mtoto haendi vitani." Kisha nikamkuta uani anajaribu zipu ya sanduku la mtoto, anafunga na kufungua, anafunga na kufungua, mwanamume mzima. Ndiyo maana leo anasoma chupa.

Lakini kuna moja sijalisema nyumbani, nalisema hapa kwa sababu mwenye jibu yuko hapa. Mnamkumbuka fundi wa rangi, yule mwenye mikono myepesi? Alichukuliwa na kampuni mama kwa mwaka mmoja. Akafanya vizuri. Wakamwongezea mwaka. Akafanya vizuri zaidi, wakamwongezea. Mama yake hunywa chai kwangu. Hunionyesha picha, kijana amevaa koti kubwa kama godoro, anatabasamu. Tunamsifia. Tunamaliza kumsifia, tunaangalia barabara. Mama mwenzangu, hofu yangu mimi si kwamba mwanangu atashindwa. Huyu hajui kushindwa, ataulizia duka la tatu. Hofu yangu ni kwamba atafanya vizuri.

Wewe una watoto wengi. Kiwanda kimoja kikisimama, unaangalia kingine. Mimi ninaye huyu tu. Nilikwenda stoo kuomba kibandiko kimoja chekundu nimbandike hadharani leo, Mzee wa Stoo akaninyima! Akasema, "Mama Chai, hivi havitoki kwa kitu kisicho na namba." Nikamwambia ana namba, ya kitambulisho. Akacheka, na bado akaninyima. Vizuri, mzee, stoo ndivyo inavyotunzwa. Basi nambandika kwa mdomo.

Mkalimani, sasa simama vizuri. Hili mtafsirie neno kwa neno, usilipambe. Mwulize: miaka miwili ikiisha, kiwanda cha pili cha vifungio kimepatikana, mtamrudisha?

...

Anasemaje? "Watajitahidi."

Msicheke. Jamani, msicheke, naye ni mgeni. Mwambie hivi, mwambie mwanangu amenifundisha kuwa hiyo si tarehe. Mwambie, namwomba tarehe.

...

Enhe? Anasema yeye ametumwa tu, tarehe hana. Lakini anasema ananielewa, kwa sababu naye ana mama, na kila akipiga simu kwao mama yake humuuliza swali hili hili. Ooh. Mwulize basi, yeye aliondoka kwao lini?

...

Miaka saba.

Mkalimani, hilo ungeliacha huko huko.

Hapana, kaa, mgeni wetu, usivue miwani. Hukunikosea. Hukunidanganya, na hilo nakushukuru. Leo ukimaliza hapa, tafadhali, mpigie simu mama yako. Mwambie kuna mwenzake anamsalimia.

Ndugu mafundi, nawaona mnavyoniangalia. Nyuma ya kila mmoja wenu naona watoto, ada, wazee, vyumba vya kupanga. Naelewa kwamba nikimshika huyu mkono asiende, nimewashika nyote, na lile ghala litakuja. Simshiki. Mheshimiwa Mkurugenzi, nimemtoa, mbele ya watu, mchukue. Sikuambii roho yangu imetulia, haijatulia, na sidhani itatulia mpaka nimwone tena anaingia geti lile anauliza kontena liko wapi. Nikuombe kitu kimoja: hapo ofisini kwako, mtu mmoja apewe kazi ya kuhangaika kwa ajili yake. Kama alivyohangaika yeye kwa ajili ya vifungio. Asiwepo wa kujitahidi. Awepo wa kuhangaika.

Sasa mkalimani, kaa chini upumzike. Hili usilitafsiri, ni langu na mwanangu.

Mama, mwanangu, simama nikuone. Acha kufuta macho na karatasi ya ratiba, wino utakupaka. Nakutuma dukani. Duka lenyewe liko mbali, siijui njia yake, na safari hii siwezi hata kusimama mlangoni nikuone ukikata kona. Nilikuwa nakujibu kwa ukali, kwa sababu moto ulikuwa jikoni. Leo sina moto, nakujibu taratibu. Nenda kaulize la kwanza, uliza la pili, uliza la tatu kama ulivyozoea.

Ikikosekana, rudi.

Na ikipatikana, mwanangu, ikipatikana pia, rudi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mama mwenzangu, ndugu zangu nyote, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa kuninyamazia dakika zilizozidi. Chai iko pale mlangoni, bado ya moto. Dereva wa foklifti, wewe utajimiminia mwenyewe.